Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji: njia inapohama, mji hubaki na nini?

Baba yangu aliniita nyumbani kwake Dar es Salaam baada ya swala ya Ijumaa, akaniambia nijiandae kwenda Ujiji kwa niaba yake. Miguu yake haimruhusu tena safari ndefu, na ndugu zake walikuwa wameitisha kikao kuhusu nyumba ya marehemu babu. Nyumba hiyo haijagawanywa tangu babu alipotangulia mbele ya haki. Shangazi zangu wawili wanaishi humo. Baba mkubwa, anayeishi Kigoma mjini, alitaka iuzwe haraka, na sababu ya haraka hiyo ni reli. Ilisemekana kwamba reli ya kisasa inakuja, na kwamba mwenye fedha mkononi leo atapata kiwanja karibu na stesheni, na asiye nazo atabaki akiangalia.

Niliona kwamba siwezi kukaa katika kikao kama hicho bila kujua reli iliyotangulia iliwafanyia nini watu wa njia ile. Kwa hiyo, kabla ya kuelekea magharibi, nilikwenda kwanza kaskazini, Bagamoyo. Babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake, Mmanyema aliyetoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, alitembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo akiwa na pembe ya ndovu begani. Alikuwa mpagazi huru, ndivyo babu alivyopenda kusema, na sisi watoto hatukuthubutu kuuliza zaidi.

Mji wa pwani ulioachwa na meli

Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na siku hizi barabara ya lami humfikisha mtu huko kwa muda mfupi. Nilifika maji yakiwa yametoka. Majahazi yalikuwa yamelala ubavu juu ya mchanga, na vijana waliokuwa wakipakua mizigo walitembea hadi kwenye majahazi bila kulowanisha magoti. Hapo ndipo ilipo siri ya neema ya mji huu, na pia ya kufifia kwake. Ufuo wenye maji mafupi ulilifaa jahazi, lililoweza kuingia na maji kujaa, likakaa mchangani na kupakiwa kwa mikono. Haukuifaa meli kubwa ya moshi, ambayo ililazimika kutia nanga mbali na nchi kavu.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka bara iliishia hapa. Safari kutoka Ujiji kupitia Tabora ilichukua miezi mitatu au zaidi. Kila mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na sufuria na mkeka wake. Pembe ziliteremka pwani kwenda Unguja na ng'ambo. Nguo, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Na lazima tuseme lililo kweli: katika njia hiyo hiyo waliletwa wanadamu wakiwa wamefungwa minyororo. Majumba ya mawe na milango ya nakshi tunayoipiga picha leo haikujengwa kwa pembe peke yake.

Mmoja wa waliopita njia hiyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wamemjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Mwenyezi Mungu alimkomboa, akamtukuza kwa elimu, akawa kiongozi mkubwa wa twarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 Bagamoyo ilikuwa imeshajulikana kwa darsa zake na maulidi yake kuliko kwa pembe za ndovu. Nilikaa kitambo nikilitafakari hilo. Wenye misafara walidhani wamebeba mali. Hawakujua kwamba miongoni mwa waliobebwa alikuwemo atakayeupa mji heshima baada ya biashara yao kufa.

Biashara hiyo ilikufa kwa sababu ya bandari na reli. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, lakini mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam, mji ambao Sayyid Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Dar es Salaam ilikuwa na kile ambacho Bagamoyo haina: ghuba yenye kina, iliyofichika kutokana na mawimbi. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianzia huko, na mwaka 1907 reli ikafika Morogoro. Tangu hapo mpagazi hakuwa na sababu ya kuiendea bahari kwa miguu.

Baada ya swala ya Alasiri nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti, nikamweleza safari yangu. Alicheka kidogo.

"Mwanangu, sisi tumezoea kusubiri. Tuliambiwa itajengwa bandari kubwa pale Mbegani, watu wakapanga bei za mashamba vichwani mwao. Kila mtu akawa tajiri wa maneno."

Mkataba wa bandari hiyo ulitiwa saini mwaka 2013, kisha mpango ukakwama. Nilimwuliza mzee ni akina nani waliopata hasara. Akajibu kwamba hawajui wote, ila anawajua waliouza mapema kwa bei ya uvumi, na waliogombana na ndugu zao kwa ajili ya bandari ambayo haikuwa na hata jiwe moja.

Saa nne badala ya siku nzima

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma nilipanda treni ya umeme, ile ambayo wengi tunaiita SGR. Ilianza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi ilikwisha kabla ya saa nne kutimia. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mwenye binti yake mgonjwa. Walikuwa wametoka kumwona daktari Dar es Salaam na usiku huo wangelala nyumbani kwao. Hiyo ni neema ya kushukuriwa.

Hata hivyo, nilipotazama dirishani niliwakumbuka watu wa Chalinze. Kwa miaka mingi basi lilisimama pale, na wauza matunda, mayai na korosho wakakimbilia madirishani. Abiria wa treni hasimami Chalinze. Mwenye shughuli zake Dodoma anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hivyo nyumba ya wageni aliyokuwa akilala inamkosa. Pale Morogoro, stesheni mpya haiko ilipo ya zamani katikati ya mji, na mwenye bodaboda na mama lishe wameshaufuata umati ulipohamia. Fedha ya msafiri haipotei, huhama. Ila huhama bila kumuaga aliyeizoea.

Tabora, mji ambao njia haikuuruka

Kutoka Dodoma niliendelea na treni ya zamani, inayopita juu ya reli ile ya Wajerumani. Hapa mwendo ni wa subira. Katika kila stesheni ndogo wanawake walisogea na kuku wa kukaanga, karanga na mihogo, na tulipokaribia nchi ya Wanyamwezi zikaanza kuonekana chupa za asali. Nilifahamu kwamba stesheni ndogo si jengo tu. Kwa mama yule mwenye sinia kichwani, dakika kumi za treni kusimama ndizo ada ya shule ya mwanawe.

Tabora treni husimama kwa muda mrefu, kwa kuwa mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma hutenganishwa hapo. Tuliposhuka, baadhi yetu tulitandika mikeka pembeni ya jukwaa tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa rukhsa aliyopewa msafiri. Mzee aliyetuswalisha alikuwa msafiri mwenzetu, anarudi kutoka kumwona mjukuu.

Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Hapa njia ya kwenda Ujiji iliachana na ile ya kwenda kaskazini, pande za Ziwa Nyanza. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote, na kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa ndiyo jando ya utu uzima. Reli ilipofika mwaka 1912 haikuuruka mji. Ilipita ndani yake. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ikapanda treni ya kwenda Mombasa. Baada ya hapo ikaweza kuteremkia Dar es Salaam kupitia Tabora. Chuma kile kile kiliupa mji kazi ya njia panda hadi leo.

Lakini mji kusalimika si sawa na kila mtu wa mji kusalimika. Behewa moja la tani 15 hubeba mizigo ya wapagazi 500. Hebu fikiria, ndugu msomaji, behewa hilo lilipopita mbele ya kijana aliyejivunia mabega yake. Kazi iliyomwoesha baba yake na kumjengea nyumba ilikwisha pasipo yeye kukosea lolote. Wengi wa hao walikwenda kuwa vibarua wa reli yenyewe na wa mashamba ya mkonge. Katika kila njia mpya tunapaswa kuuliza swali hili: ni nani aliyekuwa akila kwa njia ya zamani, na kesho atakula nini?

Ujiji na Kigoma, ndugu wawili

Baada ya Uvinza, penye chumvi iliyotafutwa na wafanyabiashara tangu kabla ya reli, treni ilianza kuteremka kuelekea ziwani. Kigoma inampokea msafiri kwa jengo la stesheni la Wajerumani ambalo bado limesimama, likitazama ghuba. Reli ilifika hapa mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka baharini. Meli ya MV Liemba, ambayo wazee wa hapa huitaja kama mtu wa ukoo, iliundwa Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikatiwa ndani ya masanduku na kuletwa kwa treni hii hadi ziwani, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915.

Swali la kila mgeni ni hili: kwa nini Kigoma, na si Ujiji? Ujiji ndio uliokuwa mji, umbali wa kilomita chache tu kusini. Ndiko misafara ilikofikia, ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, na ndiko Waswahili, Waarabu na Wamanyema walikojenga misikiti na madrasa. Jawabu linafanana na lile la Bagamoyo. Ufuo wa Ujiji ni wazi na maji yake ni mafupi. Ulifaa mitumbwi na majahazi. Tena, mwishoni mwa miaka ya 1870 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulijifungulia njia, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa, maji yakausogea mbali mji. Kigoma ilikuwa na ghuba yenye kina, kama Dar es Salaam. Kwa hiyo njia moja ilipoteza miji yake ya ncha zote mbili kwa sababu moja, na kila mmoja ukapokonywa riziki yake na jirani yake wa karibu. Leo miji hii miwili ya ziwani ni manispaa moja, Kigoma/Ujiji, na jina la mkubwa limewekwa nyuma.

Nilipanda daladala hadi Ujiji. Shangazi mkubwa alinipokea mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani. Baba yako hajambo? Miguu je?"

Nyumba ni ile ile, ya udongo uliopigwa lipu, yenye baraza mbele na ukumbi mrefu katikati, kama nyumba yoyote ya Mswahili wa pwani, ingawa pwani iko mbali kiasi hicho. Nje, wanawake walianika dagaa. Jioni tuliwasikia watoto wa madrasa wakisoma kwa sauti moja. Ujiji haina stesheni, wala meli kubwa. Inayo elimu, Kiswahili safi, na watu wanaojuana hadi vizazi vinne. Hayo misafara iliyaleta, na reli haikuweza kuyachukua.

Kikao

Tulikutana siku iliyofuata baada ya Isha. Baba mkubwa alianza, na haki itendeke, hoja yake haikuwa dhaifu.

"Wazee wetu waliona reli inajengwa Kigoma, wakasema Ujiji ndio mji, wageni watakuja wenyewe. Marehemu baba alipewa nafasi ya kiwanja karibu na bandari akakataa. Tumeona matokeo. Mnataka tukatae mara ya pili?"

Ni kweli kwamba reli ya kisasa inajengwa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, na kwamba mkataba wa tawi la kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, umeshasainiwa. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa na karatasi inayoonyesha kiwanja anachokitaka baba mkubwa kitakuwa umbali gani kutoka stesheni. Niliwasimulia maneno ya mzee wa Bagamoyo.

Shangazi mkubwa akasema kwa upole, "Kaka, stesheni hatujaiona. Tunachokiona ni haki zetu ambazo hazijagawanywa. Ukiuza leo, utauza kilicho chako na kisicho chako."

Ukumbi ulinyamaza. Ustadhi wa mtaa, mjuzi wa mirathi, ambaye shangazi alikuwa amemwalika, ndipo alipoombwa kusema. Alituuliza kama marehemu aliacha deni au wasia. Hakuna. Bibi yetu alifariki baadaye, na warithi wake ni watoto hao hao. Basi, alisema, kwa watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, mali ni mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Akaongeza jambo ambalo nimelirudia mara nyingi moyoni. Kiwanja kinapokuwa hakina bei, ndugu huona aibu kudai. Barabara ikifika na bei ikapanda, aibu huondoka, na wa kwanza kudhulumiwa huwa ni mwanamke na yatima. Gawaneni sasa, wakati bado mnacheka pamoja.

Usiku huo mafungu yaliandikwa na mashahidi wakatia sahihi. Baba mkubwa aliridhia kuchukua eneo la nyuma ambalo halijajengwa, na akilipenda kuliuza ni lake. Baba alikuwa amenituma niseme kwamba fungu lake libaki ndani ya nyumba pamoja na ya dada zake. Shangazi mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza gharama ya kupeleka gunia la dagaa na dumu la mawese hadi Dodoma. Anao ndugu wa mumewe wanaoweza kupokea. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, atakifanya duka na stoo. Njia haikuja mlangoni pake, lakini yeye anaweza kuiendea.

Tunachojifunza

Qur'ani imezitaja njia za biashara mahali ambapo pengine hatupaangalii sana. Sura Quraysh inawakumbusha Makuraishi misafara yao miwili, ya kusi na ya kaskazi tungesema sisi, ya baridi na ya joto kwao. Na mara inawaelekeza kumwabudu Mola wa Nyumba ile, aliyewalisha na kuwapa amani. Sura Sabai inatuhadithia watu waliojaaliwa miji iliyoungana njiani, msafiri akipumzika kwa vituo usiku na mchana bila khofu. Walipoikufuru neema hiyo walitawanywa, wakabaki kuwa simulizi. Njia ni neema, na neema huulizwa.

Kwa familia zetu nyingi, zilizoko Kilosa, Tabora, Uvinza au popote reli inapokuja au inapoondoka, mashauri ni machache. Mirathi igawanywe kabla ya bei kupanda, na haki ya mwanamke iandikwe. Ardhi isiuzwe kwa uvumi. Na anayepoteza riziki kwa sababu ya njia mpya, awe mwenye basi au mama wa sinia, asiachwe peke yake. Msikiti wa mtaa una zaka na sadaka zinazoweza kumnunulia mtaji wa kuanza upya.

Nilirudi Dar es Salaam na furushi la dagaa na nakala ya hati ya mafungu. Baba aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu wake. Kisha akaniuliza kama nilipita Bagamoyo, na kama maji yalikuwa yamejaa au yametoka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotembea njia ile, walio huru na waliofungwa, na atujaalie kuzitumia njia zetu kwa uadilifu. Amin.